Kulainisha si kufukuza: historia fupi ya dawa za tumbo iliyofunga



Leo ninaandika juu ya neno ambalo tunalionea haya. Tunazungumza malaria, tunazungumza tifoide, hata sida tumezoea kuitaja. Lakini mutu akikaa siku nne bila kuenda choo kubwa, ananyamaza. Anasubiri magaribi, anaenda kwa farmasi ya kona na kusema kwa sauti ya chini: "Nipatie kitu ya kufungua tumbo." Hapo ndipo hatari inaanza. Mimi nilipita pale, ndiyo maana ninaandika.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho wa licence, hapa Bukavu. Siku nzima nilikuwa nimekaa mbele ya mashine nikimaliza kazi yangu ya mwisho. Asubuhi chai na mukate, magaribi beignets na biskuti, maji kidogo tu sababu robinet ya kwetu ilikuwa inatoka mara mbili kwa juma. Siku ya tano tumbo ilikuwa kama jiwe. Muuzaji wa farmasi moja akanifungia vidonge ndani ya karatasi, bila sanduku, bila maandishi. "Kunywa mbili." Nikakunywa. Kisha saa tatu sikuona kitu, nikaongeza mbili. Mbele ya kulala, mbili tena. Asubuhi vyote vikaamka pamoja. Saa ambayo wenzangu walikuwa wanatetea kazi zao mbele ya jury, mimi nilikuwa kwa kitanda cha centre de santé, serum kwa mukono, midomo imekauka, siwezi hata kusimama.

Mama muuguzi aliniangalia, akacheka kidogo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Papa, wewe ulikuwa unahitaji kulainisha. Wewe ukafukuza. Si kitu kimoja."

Nilipopona nilianza kusoma, na nikakuta kwamba kosa langu lina umri wa zaidi ya miaka 3,500.

1. Wakati watu walikuwa wanafukuza

Tuanzie Misri. Kuna maandishi ya uganga ya wakati wa Mafarao, yanaitwa papirusi ya Ebers, ya mwaka wa 1550 hivi mbele ya Kristo. Ndani yake mutu mwenye tumbo lililofunga anaambiwa atafune mbegu za mbarika na kuzishusha kwa pombe. Wanganga wa Misri waliamini kwamba uchafu ukikaa ndani ya matumbo unaoza, na ule uozo unapanda na kusambaa kwa mwili wote. Kwa hiyo dawa ilikuwa moja: kufukuza.

Mbarika wote munaijua. Wengine wanaita mbono, kwenye masomo yetu tunaita ricin. Inaota kando ya barabara na kwa majalala, majani yake kama mukono wenye vidole vingi. Wataalamu wengi wa mimea wanaweka asili yake upande huu wetu, Ethiopia na Afrika ya Mashariki. Mafuta yake yakifika ndani ya utumbo mwembamba yanageuka kuwa asidi inayouchokoza, utumbo unajikaza na kusukuma kila kitu nje. Yale mafuta hayalainishi, yanapiga kiboko. Na nawaonya kama agronome: mbegu yenyewe ina sumu kali, ile ricine. Mafuta yaliyokamuliwa na kusafishwa sawasawa hayana ile sumu, lakini mutu asidanganywe kutafuna mbegu sababu "Wamisri walifanya hivyo."

Koko yangu alikuwa ananisimulia kijiko cha mafuta ya ricin wakati wa mukoloni. Alipotaja jina tu, uso wake ulikuwa unajikunja. Na wengine walikitumia kile kijiko kama silaha. Nchini Italia, kuanzia miaka ya 1920, wanamgambo wa Mussolini, wale wa mashati meusi, walikuwa wanawakamata wapinzani na kuwanywesha mafuta ya ricin kwa nguvu, kusudi wajichafue mbele ya watu. Wengine walikufa kwa kuishiwa maji mwilini. Fikirini kidogo: kitu kilichowekwa kwa kabati kama dawa, kwa mukono mwingine kilikuwa mateso. Kipimo tu kilitofautiana.

Tuvuke bahari, tuende Marekani. Mwaka wa 1793 homa ya manjano iliingia muji wa Philadelphia. Munganga mukubwa wa kule, Benjamin Rush, mumoja wa wale waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani, aliwatibu wagonjwa kwa kuwatoa damu na kuwaharisha kwa kalomeli. Kalomeli ni nini? Ni chumvi ya zebaki. Mugonjwa mwenye homa, anayetapika, ndiye aliongezewa kuharisha na sumu.

Hata hivyo vidonge vya Rush viliendelea. Lewis na Clark walipotumwa kuvuka bara lile toka 1804 hadi 1806, walibeba mamia ya vidonge hivyo. Watu walivipa jina la radi, na jina linajieleza lenyewe. Walikuwa wanakula nyama nyingi na mboga kidogo, kwa hiyo walivihitaji mara kwa mara. Zaidi ya miaka 190 kisha, mwaka wa 2002, wanaakiolojia walichimba mahali walipopiga kambi, Travelers' Rest huko Montana, na kupima udongo wa shimo la choo. Wakakuta zebaki. Sisi wa agronomia tunajua udongo hausahau. Lakini kufikiria kwamba tunaweza kufuata njia ya watu kwa choo yao tu! Na ile zebaki ilipita kwanza ndani ya miili yao.

2. Wasomi nao walidanganyika

Mutu atasema: hao ni watu wa zamani. Hapana. Mwaka wa 1887, Paris, profesa Charles Bouchard alitoa kitabu juu ya namna mwili unajitia sumu wenyewe. Wazo lilikuwa lile lile la Misri, safari hii katika lugha ya maabara: choo ikikaa ndani, sumu inaingia kwa damu, na magonjwa yote yanatoka pale. Huko London, daktari mupasuaji William Arbuthnot Lane akaenda mbali kuliko wote. Alikuwa anawafungua watu waliofunga tumbo na kuwatoa utumbo mupana. Wengine walikufa kwa ajili ya ugonjwa ambao glasi za maji na sahani ya mboga zingeweza kuusaidia.

Nani aliangusha lile wazo? Mwaka wa 1919 munganga wa Marekani, Walter Alvarez, aliuliza swali rahisi. Kama ni sumu iliyo ndani ya damu, kwa nini mutu anapona kichwa na uzito dakika ile ile anatoka kwa choo? Sumu haiwezi kutoka kwa damu mara moja hivyo. Mwaka wa 1922 mwenzake Donaldson akajaribu: alijaza pamba sehemu ya mwisho ya utumbo wa watu waliojitolea. Pamba haina sumu yoyote. Lakini walisikia kichwa kuuma, uchovu, kukosa hamu ya chakula, dalili zile zile. Basi ilikuwa ni kule kujaa tu, na mishipa ya fahamu iliyokuwa inalalamika.

Zaidi ya miaka 100 imepita, lakini kwetu lile wazo bado linaishi. Ni nani kati yetu hakusikia "kusafisha tumbo"? Mutoto akiwa na homa, mpira wa kuingiza maji kwa nyuma unatolewa. Mutoto akikataa chakula, ule mpira. Tunafanya kwa upendo, najua. Lakini Kinshasa, kuelekea mwisho wa 2004, kulikuwa na mlipuko wa tifoide ambamo wagonjwa wengi walifika hospitali utumbo umekwisha kutoboka. Tifoide inaweka vidonda kwa ukuta wa utumbo na kuufanya mwembamba. Mutu mwenye tifoide anaweza kufunga tumbo kabisa. Ukimuharisha au ukimuingizia maji kwa nguvu, unasukuma ukuta ambao uko karibu kupasuka. Wandugu, hii si historia ya Wazungu tena. Hii ni ya kwetu.

Kuna mufano mumoja ambao waliosoma kemia watafurahia. Munakumbuka phénolphtaléine, lile tone linalogeuka rangi ya pinki ndani ya base? Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1900 ilikuwa dawa ya kuharisha, na Marekani iliuzwa ndani ya chokoleti toka 1906. Watoto waliipenda. Miaka 90 hivi ikapita mpaka majaribio ya wanyama yakaonyesha kwamba inaweza kuleta kansa. Mwaka wa 1999 serikali ya Marekani ikaiondoa kwenye dawa zinazouzwa bila karatasi ya munganga. Kitu kuuzwa kwa muda murefu hakimaanishi kwamba ni salama.

3. Sabuni inaingia ndani ya historia

Sasa tufike kwa dawa za kulainisha zenyewe.

Wale waliokwisha kupulizia dawa kwa shamba la makabichi wanajua taabu yake. Jani la kabichi lina nta juu. Matone yanaviringika na kuanguka chini, dawa inapotea. Ndiyo maana tunaongeza mouillant kidogo ndani ya pompe. Ni kitu cha jamii ya sabuni: upande mumoja wa molekuli yake unapenda maji, upande mwingine unapenda mafuta. Tone linatandaa, jani linalowa.

Docusate, dawa ya kulainisha choo inayojulikana sana duniani, ilianza hivyo hivyo. Mbele ya Vita ya Pili ya Dunia, kampuni ya kemia ya Marekani, American Cyanamid, iliitengeneza kama kitu cha kulowanisha kwa kazi za viwanda. Hakuna aliyefikiria tumbo. Mwaka wa 1955 wanganga wawili, Wilson na Dickinson, waliandika kwamba walijaribu kuwapa wagonjwa wenye tumbo lililofunga sana. Wazo lao lilikuwa hili: kama inaweza kulowanisha kitambaa, kwa nini isilowanishe choo ngumu? Maji na mafuta yaliyomo ndani ya utumbo yataingia katikati ya choo, itakuwa laini, itapita bila mutu kujikamua.

Mwaone tofauti na miaka ile 3,500. Hakuna kiboko hapa. Dawa haimulazimishi utumbo. Inamusaidia maji aingie. Ndiyo maana wanganga waliipenda kwa watu ambao hawapaswi kujikamua: waliopasuliwa, mama aliyezaa juzi, mwenye bawasiri, mwenye moyo muzaifu.

Lakini tuseme ukweli wote. Dawa ya pole haimaanishi dawa ya nguvu. Mwaka wa 1998 watafiti walilinganisha docusate na maganda ya mbegu za psyllium, ambayo ni nyuzinyuzi tupu, na maganda yakashinda. Mwaka wa 2013, nchini Kanada, wagonjwa 74 waliokuwa kwenye matunzo ya mwisho wa maisha walipewa dawa ya sené, nusu wakaongezewa docusate na nusu kidonge kisicho na kitu. Haikuonekana kwamba docusate iliwaongezea faida. Na mwaka wa 2016, tena Marekani, docusate ya maji ilikutwa na bakteria kutoka maji ya kiwandani, na wagonjwa waliokuwa tayari wazaifu hospitalini wakaambukizwa. Hata dawa ya pole kuliko zote inahitaji maji safi na kiwanda safi.

4. Jirani yetu aliyepima

Mbele ya kusema namna ya kutumia, turudi karibu na nyumbani. Kuanzia 1946 daktari mupasuaji wa asili ya Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala. Wengi wanamujua kwa kansa ya watoto inayobeba jina lake. Lakini alishangazwa na kitu kingine: magonjwa ya utumbo yaliyojaa kwa hospitali za Uingereza, yeye Uganda aliyaona mara chache sana.

Mwaka wa 1972, pamoja na wenzake Walker na Painter, alitoa vipimo. Watu wa vijiji vya Uganda walikuwa wanatoa choo ya zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita ndani ya mwili kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliopimwa walikuwa wanatoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa siku tatu au zaidi. Tofauti kubwa aliyoiona ilikuwa kwa sahani: nyuzinyuzi. Baadaye alidai mambo mengi juu ya nyuzinyuzi, na si yote yamesimama. Lakini lile la choo limesimama.

Nyuzinyuzi zinafanya nini? Zinashika maji. Docusate inaingiza maji, nyuzinyuzi zinayashika. Maharagi, lengalenga, sombe, viazi vitamu, papai, marakuja na mbegu zake: koko yangu alikuwa na dawa ya kulainisha kwa sahani kila siku bila kujua jina lake. Sisi wajukuu, wenye diplome, tumeacha sahani yake kwa ajili ya mukate mweupe na biskuti, kisha tunaenda kununua vidonge ndani ya karatasi.

5. Basi tufanye nini?

Tumbo ikifunga mara moja moja, siku za mitihani, safari ya basi, kubadilisha chakula, si ugonjwa mukubwa. Hata mutu asiyeenda kila siku si mugonjwa. Kuenda mara tatu kwa juma kunaweza kuwa kawaida yake. Anza na maji, maharagi, matunda, kutembea. Ongeza mboga polepole, na kila mara pamoja na maji, sababu nyuzinyuzi bila maji zinaweza kuzidisha kufunga. Na haja ikikuita, enda. Usiseme "nitamaliza kwanza hii sura."

Kama haitoshi na unataka dawa, kwanza ujue unanunua nini. Kuna za kulainisha, kama docusate. Kuna za kuvuta maji ndani ya utumbo, kama lactulose na macrogol. Na kuna za kuchokoza utumbo, kama bisacodyl na sené. Vile vidonge vyangu vya karatasi, kwa maoni ya mama muuguzi, vilikuwa vya kundi la mwisho. Uliza jina. Uliza sanduku na tarehe ya mwisho. Muuzaji akikataa kukuonyesha, toka.

Dawa ya kulainisha ikunywe na glasi nzima ya maji, kwa kipimo kilichoandikwa, hata siku moja usizidishe. Inafanya kazi polepole: inaweza kuchukua saa 12 mpaka saa 72. Hapa ndipo nilianguka mimi. Nilitazamia saa tatu. Kukosa matokeo usiku wa kwanza si sababu ya kuongeza.

Usichanganye docusate na mafuta ya parafini. Ile sabuni inasaidia mafuta yale kuingia mwilini, mahali hayapaswi kuingia. Usipitishe juma moja bila kumuona munganga. Mama mwenye mimba, mutoto mudogo, muzee, mutu mwenye ugonjwa wa figo au anayekunywa dawa zingine: waulize kwanza kwa centre de santé.

Na kuna siku ambazo hupaswi kukunywa dawa yoyote ya tumbo, wala kutumia ule mpira wa maji: ukiwa na homa, ukitapika, tumbo likiuma sana au kuvimba, hata hewa haitoki, au ukiona damu. Siku hiyo ni hospitali, mara moja. Pia kama namna yako ya kuenda choo imebadilika kwa zaidi ya majuma mawili, ao unakonda bila sababu, usijitibu kimya kimya.

Jury walinihurumia, wakanipa tarehe ingine. Nilitetea kazi yangu majuma mawili baadaye, juu ya maharagi, ndiyo, munaweza kucheka. Mumoja wa maprofesa aliniuliza faida ya maharagi kwa mukulima. Nikamujibu juu ya azote kwa udongo na franka kwa soko. Leo ningeongeza jibu la tatu.

Tangu Misri mpaka farmasi ya kona, watu wameumia sababu walitaka tumbo litii haraka. Tumbo likifunga, lipe maji, lipe mboga, lipe muda. Na haya isikuzuie kuuliza. Mimi iliniponyoka kidogo inilipishe diplome. Mwingine anaweza kulipa zaidi.